Kitambaa Kimoja, Meza Mbili

Haya, sogeeni. Tulimwacha Malinda Petersheim jikoni peke yake, mwiko mkononi, kuku yumo ndani ya jiko la kuni anaiva taratibu, na mtu yuko nje ya mlango wa nyuma anakung'uta viatu.

Aliyekuwa anangojwa ni Elam, mchumba wake. Lakini Elam hakung'uti viatu, Elam huvivua. Na farasi hajasikika.

Mlango ukafunguka.

"Harufu ya hiyo selari ya harusi naisikia tangu barabarani," sauti ikasema. "Anaolewa nani?"

Mwiko ukamponyoka Malinda.

Alikuwa Reuben, kaka yake wa kuzaliwa. Miaka mitatu hajatia mguu kwenye sakafu ile. Kavaa koti lenye zipu, nywele kazikata kama Mwingereza, maana sisi watu wa magari ya farasi, mtu yeyote wa nje tunamwita Mwingereza, hata kama babu yake alitoka Mexico.

"Umekujaje?" Malinda akauliza.

"Kwa miguu. Lori nimeliacha kule darajani, majirani wasije wakaugua bure."

Sasa msimhukumu haraka. Reuben angeondoka kabla ya kubatizwa, leo angekuja nyumbani kula kama mgeni mwingine yeyote. Lakini alipiga magoti, akaapa, akamwagiwa maji kichwani, ndipo akaenda kununua lori, na kwetu kumiliki gari la injini ni marufuku. Hapo ndipo penye kisu. Aliyeapa kisha akavunja hutengwa, na aliyetengwa huli naye meza moja, hupandi gari lake, hupokei kitu kutoka mkononi mwake. Hata akiwa kaka yako. Hasa akiwa kaka yako.

"Mama yuko wapi?"

"Kanisani, kwa akina Smucker. Wote wako huko. Unajua leo ni siku gani."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Ilikuwa Jumapili ya kutangazwa. Siku hiyo msichana haendi kanisani, anabaki nyumbani anapika. Mvulana ndiye anayekwenda. Ibada ikiisha, shemasi anasimama anasoma majina yao wawili, na hapohapo mvulana anachukua kofia yake, anatoka mbele za watu wote, anamchapa farasi mpaka kwa mchumba wake, wakale wawili tu. Kuku huyo ndiye kuku mtamu kuliko wote ambao mtu atakula maishani. Waliokula wanajua.

Elam alikuwa amechelewa.

"Kaa basi," Malinda akamwambia kaka yake. "Umesimama kama mkusanya kodi."

Akaivuta meza ndogo ya cherehani, akaisukuma mpaka kwenye meza kubwa. Akasikia mbao zikigongana, kok. Akachukua kile kitambaa kirefu cheupe cha mama yake, akakitandaza juu ya meza zote mbili kwa pamoja.

Kila nyumba yenye mtoto aliyetengwa inao ujanja huo. Juu kitambaa ni kimoja, mama anaona wanawe wako pamoja. Chini meza ni mbili, na katikati panaachwa nafasi ya upana wa kiganja, kanisa linaona watu wametengana. Mungu anaona juu na chini, na mpaka sasa hajasikika akilalamika.

Reuben akakaa kwenye meza ndogo bila kuambiwa. Malinda akamwekea mkate, siagi ya tufaha na kahawa. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo, akanyoosha mkono na kikombe kitupu.

Mkono wa Malinda ukainuka. Ukaganda hewani.

"Aa, nimesahau," Reuben akasema. Akakiweka kikombe mezani, akaondoa mkono wake. Ndipo Malinda akakichukua. "Huko kwenye malori tunapeana tu vitu kama wezi."

"Sema ulichokuja kusema, Reuben. Elam yuko njiani."

"Ile Septemba ulipoanguka kwenye banda la tumbaku. Nani alikupeleka hospitali?"

"Mwingereza fulani, alikuwa anapita."

"Anaitwa nani?"

"Elam alisema hakumuuliza jina."

"Amuulize jina shemeji yake?"

Malinda akaketi, kikombe bado kakishika.

Yeye hakumbuki mengi ya siku ile. Anakumbuka yuko juu kabisa kwenye fito, anapokea majani ya tumbaku kutoka chini kwa Elam, anacheka. Kisha anakumbuka dari nyeupe na muuguzi.

"Kichwa chako kilikuwa mapajani kwa Elam," Reuben akasema, na mzaha ulikuwa umekwisha. "Damu ilikuwa inakutoka sikioni. Madaktari walisema ungechelewa kidogo tu, wangekurudisha umefunikwa. Kile kiti cha lori nimekisugua kwa kila dawa, alama haitoki."

"Kwa hiyo Elam alipanda gari lako."

"Na wewe ulipanda. Ila wewe huna kosa, wewe ulikuwa mzigo."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu kuna mzee wa kanisa la jirani alikuwa hospitali siku ile anamuuguza mkewe. Alituona tunakushusha. Juzi kasema. Nikajua leo Elam ataulizwa, nikaona heri ulisikie kwangu kuliko kwa midomo ya watu."

Malinda akageuka, akafungua jiko, akamgeuza kuku, maana kuku hana habari na matatizo ya watu. Akiwa ameinama akauliza, "Na wewe ulijuaje kama nimeanguka?"

Reuben akapaka siagi ya tufaha kwenye mkate.

"Reuben."

"Nilikuwa napita."

"Unapita wapi? Njia yetu haiendi popote. Inaishia zizini."

"Basi nilikuwa napita zizini."

Kabla hajambana zaidi, kwato. Hizo alizijua, farasi jike wa Elam ana mwendo wa kukatakata kama mtu anayechezea meza kwa vidole. Malinda akajifuta uso kwa aproni. Mlangoni viatu vikavuliwa, kimoja, cha pili. Akaingia Elam Riehl na soksi zake, kofia mkononi, kidevu bado hakina ndevu maana kwetu ndevu ni za aliyeoa.

Malinda akamtazama usoni, akajua.

"Wametutangaza?"

"Hawakututangaza."

Jiko likarusha cheche. Elam akamwona Reuben, wala hakushtuka. Akavuta kiti kwenye meza kubwa, akaketi kizito kama gunia.

"Kumbe umeshamwambia," akasema.

"Nimemwambia yaliyo yangu," Reuben akajibu.

"Waliniuliza mbele ya kanisa zima," Elam akasema. "Nilipanda gari la mtu aliyetengwa? Nikasema ndiyo. Nilidanganya habari ya Mwingereza? Nikasema ndiyo, na hilo ninalijutia. Nililia, Malinda, mbele ya wajomba zangu. Askofu akasema vema. Halafu akasema, sasa sema unajuta kupanda lile gari."

"Ukasema?"

"Nikanyamaza."

"Elam. Ni neno moja. Unapiga magoti, unalisema, unanyanyuka, wanakupa mkono wa amani, tunaoana mwezi ujao. Watu wamekubali makosa makubwa kuliko hilo."

"Nikisema najuta kupanda, nimesema najuta wewe uko hai. Hilo nitalisemaje nikiwa nimepiga magoti?"

"Ungelisema tu kwa mdomo."

"Nidanganye tena, ili nisamehewe kudanganya?"

Reuben akacheka puani. "Huyo amekuzidi, mdogo wangu."

"Wewe nyamaza, mla mkate wa watu." Malinda alikuwa amekasirika kweli sasa. Nyuma ya nyumba selari, mboga isiyokosekana kwenye harusi zetu, imesimama mistari na mistari, kila jirani aliyepita na gari lake la farasi kaanzia kiangazi kukisia harusi. Kwetu harusi ni Novemba, mavuno yakishaingia. Novemba ikipita hivi hivi, ni mwaka mwingine. Na kama Elam atatengwa, si mwaka tu. Yeye Malinda kaapa kwa magoti kama wengine. Hatapokea hata kijiko mkononi mwake. Meza ile ya cherehani itakuwa ya Elam.

"Waliniuliza na jambo la pili," Elam akasema polepole. "Nani alimwita Reuben."

"Si alikuwa anapita?"

Elam akamtazama Reuben. Reuben akautazama mkate wake.

Magurudumu yalikuwa yameshaingia uani.

Alikuwa shemasi Benuel Glick, na nyuma yake mhubiri mzee asiyependa kusema, maana kazi kama hiyo hufanywa na watu wawili. Benuel ni mtu mwema, nawaambieni. Ndiye aliyekuja kwa siri mwezi uliopita kumuuliza Malinda kama anamkubali Elam, kazi hiyo ni ya shemasi. Na kumrudisha mtu mbele ya kanisa nayo ni ya shemasi. Mkono ni uleule.

"Amani iwe humu," akasema. Macho yake yakampitia Reuben, yakashuka kwenye kitambaa cheupe, yakakaa hapo.

"Elam. Unakula naye?"

"Sijatia kitu mdomoni."

"Lakini umeketi."

"Nimeketi meza kubwa, Benuel. Yeye yuko ndogo."

Benuel akachuchumaa taratibu, magoti yakilia, akashika pindo la kitambaa.

Malinda akakumbuka. Ile kok. Mbao ziligongana. Hakukumbuka kuziachanisha, alikimbilia kahawa. Kama meza zimegusana, basi ni meza moja, na Elam ameketi meza moja na aliyetengwa, siku hiyohiyo anayoulizwa kuhusu aliyetengwa. Na aliyeitandika ni yeye.

Benuel akafunua. Akaingiza kiganja chake kati ya mbao na mbao.

Kikapita. Kikapita na dole gumba.

"Vema," akasema, akasimama akijishika kiuno.

Malinda akamgeukia kaka yake. Reuben akasogeza midomo, sauti ya chini kabisa. "Ulizigonganisha. Nikaivuta yangu ulipokuwa unamgeuza kuku."

"Watu bado wako kwenye mabenchi," Benuel akasema. "Watoto wametolewa nje, mikate imekatwa inakauka. Umetoka katikati ya swali, Elam. Kanisa si duka, mtu akachoka akatoka."

"Sikuchoka. Sikuwa na jibu."

"Jibu la kwanza ni lako na Mungu. La pili ni rahisi, ni jina tu." Benuel akageuza kofia yake mikononi. "Na wewe Malinda usione tuna roho ya jiwe. Kile kibanda cha simu mwisho wa njia yenu, namba ya gari la wagonjwa niliibandika mwenyewe ukutani, kwa maandishi makubwa. Hakuna aliyesema uachwe ufe. Tunauliza kwa nini aliyeshika simu aliiruka namba ile, akamwita huyu. Unamjua, Elam?"

"Namjua."

"Nani?"

Elam akavaa viatu vyake. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Malinda akachukua kofia yake nyeusi msumarini, akaifunga kidevuni juu ya ile nyeupe ya sala.

"Na wewe wapi?" Benuel akauliza. "Bibi harusi haonekani kanisani siku ya leo. Mama zenu watazimia."

"Bibi harusi wa nani? Hamkututangaza." Akafunga fundo. "Nimebatizwa, Benuel. Kama watu watapiga kura ya kumtenga, na mimi nina kura."

Yule mhubiri mzee ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Hapo kasema kweli," akasema, akaufunga.

"Nendeni," Reuben akasema kutoka meza yake ndogo. "Kuku nitamwangalia mimi. Mtu hatengwi mara mbili."

Shamba la Smucker ni hapo ng'ambo ya kijito. Ibada ilikuwa kwenye karakana yake, mashine zimesukumwa ukutani, mabenchi yamejaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Malinda alipoingia, kofia zote nyeupe zikageuka kwa pamoja kama kuku waliosikia mwewe. Shangazi mmoja akafunika mdomo. Malinda akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, akamtafuta mama yake.

Lydia, mama huyo, alikuwa mbele pamoja na wajane. Hakugeuka. Peke yake hakugeuka.

Askofu Gideon Esh alikuwa amesimama, leso mkononi, mafua yamemshika tangu wiki iliyopita. Angekuwa mtu mkali ingekuwa rahisi, mtu mkali unamchukia mambo yanakwisha. Gideon alimzika baba yake Malinda. Alimbatiza Malinda, alimbatiza Reuben. Siku ya kumtenga Reuben sauti ilimkatika, shemasi ndiye aliyemalizia maneno.

"Piga magoti, Elam," akasema.

Elam akapiga magoti sakafuni, mbele ya baba zake na wajomba zake.

"Unajuta kupanda gari lile?"

Nje watoto walikuwa wanakimbizana kati ya magari ya farasi. Wanasikika hao tu.

"Nani alimwita Reuben?"

Kimya.

"Mwanangu," Gideon akasema, "mimi siwezi kubeba kimya. Mtu akisema neno baya nitalibeba. Kimya kinateleza."

Benchi likalia. Si la wanaume.

Lydia alikuwa amesimama.

Mwanamke kwetu hasimami kusema kanisani. Hata watoto kule nje nadhani walinyamaza.

"Keti, Lydia," Gideon akasema kwa upole.

"Nitaketi nikimaliza, Gideon." Mikono kaikunja juu ya aproni nyeusi, kama anayesubiri zamu kwa daktari. "Ni mimi niliyepiga simu. Kijana huyu alinikataza kusema. Alisema mjane ana mizigo ya kutosha, huu ataubeba yeye. Nimenyamaza tangu Septemba, na kila tonge ninalomeza limekuwa kokoto."

Elam, palepale magotini, akafumba macho.

Malinda alikuwa anautazama mgongo wa mama yake. Mgongo ule ule uliomwinamia kitandani hospitali, ukasema, Mungu ambariki yule Mwingereza.

"Namba ya gari la wagonjwa ilikuwa ukutani," askofu akasema.

"Ilikuwepo. Niliiona. Sikuweza kuisoma, Gideon, nilikuwa nimemwacha mtoto sakafuni. Vidole vyangu vikabonyeza namba vinayoijua."

"Vinaijuaje?"

Malinda akataka kupiga kelele, mama, keti, ishia hapo. Hakupiga.

"Naipiga kila Jumamosi," Lydia akasema. "Tangu alipoondoka. Huwa sisemi kitu, nawaambieni kweli, sijawahi kumwambia neno. Akishika nasikia anavyopumua. Anasema, mama, mimi mzima. Nakata."

Mwanaume mmoja upande ule akakohoa kikohozi ambacho si cha mafua.

Gideon akajifuta pua. Akachukua muda mrefu kuikunja ile leso. "Unajuta, Lydia?"

"Ningesema ndiyo," mama yake Malinda akajibu, "lakini Jumamosi inakuja."

Ndipo akaketi, kama alivyoahidi.

Askofu akaomba wote wawili watoke nje, maana kura haipigwi mwenyewe akiwa anasikia. Elam akanyanyuka, akampisha Lydia mlangoni. Walipompita Malinda, mama yake alimgusa bega kidogo tu, kama anayekung'uta unga.

Gideon akaongea na waliobaki. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akasema hakuna furaha katika hili. Akasema utaratibu wetu ni ua, na ua ukiachwa na tundu moja ng'ombe wote hutoka, tena aliye mpole ndiye hutangulia. Akasema ushauri wake ni kwamba Elam Riehl na Lydia Petersheim watengwe mpaka watakaposema wanajuta, na kila mmoja aulizwe kama anakubaliana. Tukiwa wamoja, tunaendelea. Mmoja akikataa, kanisa zima linasimama, hakuna mkate, hakuna divai, hakuna ndoa ya mtu yeyote, mpaka jambo lipatanishwe. Na anayekataa huulizwa na yeye yuko upande gani wa ua.

Wanawake huulizwa mmoja mmoja. Shemasi anapita benchi kwa benchi, anainamisha sikio, unanong'ona, nakubaliana, anakwenda kwa mwenzako.

Benuel akaanzia nyuma. Akaanzia benchi la mwisho, karibu na mlango.

Malinda alikuwa wa kwanza.

Dirishani aliwaona. Elam na mama yake wamesimama kando ya gari la farasi, hawaongei. Elam amemvulia mama yule koti lake, upepo ulikuwa mkali, na Lydia amelikubali.

Kama atasema nakubaliana, kesho asubuhi mama yake atakaa meza ya cherehani kwenye nyumba yake mwenyewe, na Elam hatakuwa na meza kabisa. Kama atasema hapana, hata wale mabinti watatu wa mabenchi ya mbele wenye selari zao bustanini watamlaani, na mwisho wake ni yeye kusimama hapo nje na wale wawili. Neno la kwanza, lile la nakubaliana, alikuwa amelitayarisha tangu kwenye gari, akiwa bado anafikiri ni la Elam peke yake. Ungelisema tu kwa mdomo. Si ndivyo alivyomwambia mwenzake?

Benuel akainama. Sikio lake lilikuwa jekundu kwa baridi.

"Unakubaliana, dada?"

Malinda akaiona ile mikono ya Reuben, mikono ya mtu aliyetengwa, inaingia chini ya kitambaa na kuivuta meza kimyakimya, wakati hakuna anayemtazama. Miaka mitatu nje ya ua, na bado anaulinda upana wa kiganja kwa ajili yao.

Akasogeza mdomo sikioni kwa shemasi. Akanong'ona. Halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana, na lilikuwa refu.

Benuel hakwenda kwa mwanamke wa pili. Alibaki ameinama vilevile, kama mtu aliyeshikwa na mgongo. Kisha akajinyoosha, akageuka, akamtazama askofu kupita vichwa vyote vile.

"Amesema nini?" Gideon akauliza.

Shemasi akavua miwani yake.

"Mimi siwezi kulirudia, Gideon. Heri umsikie mwenyewe."